Sura ya Amade kwenye Habari za Saa Saba

Mocímboa da Praia
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo humo ndani. Naomba barua hii ikukute umeketi, na kama umesimama, keti kwanza. Mimi mzima. Mgongo tu ndio unanisumbua kwa kushinda juu ya mapaa ya watu, na kidole cha shahada nilikikata kwa bati jana, ndiyo maana mwandiko umekaa upande. Kifua chako kinaendeleaje? Zaina na shule je? Mvua huko zimeanza, au nanyi mnazisikia redioni tu?

Najua utashangaa kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu yako hupokewa na kila mtu: leo baba mdogo, kesho Zaina, kesho kutwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Na hili si la kusikia mbele za watu. Barua nimempa Mzee Bakari, yule mfanyabiashara wa vitunguu anayevuka mpaka kila wiki mbili, kwa sababu hana tabia ya kupekua vya watu. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe baba mdogo hata akibembelezwa vipi. Soma peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani wa kumwambia.

Mwezi uliopita uliniagiza jambo moja tu. Niende kwa mama mkwe wako, Bi Atija, nimweleze kwamba kadhi amekufungua baada ya miaka yote hii ya kumngoja mumeo Amade, aliyepotea siku mji uliposhambuliwa, kwamba Bwana Rashidi wa duka la vyuma ameleta posa, na kwamba ndoa imepangwa baada ya mfungo, lakini wewe huwezi kuolewa bila radhi ya mama yake Amade. Ulisema akikataa, huolewi. Neno hilo nimetembea nalo mjini wiki tatu. Kila nikifika kona ya nyumba yake nakumbuka nina kazi mahali pengine. Cheka tu, dada, mimi mwoga na unanijua tangu zamani. Lakini wewe ungemwanzia wapi mama wa mtu aliyepotea, umwambie kwamba wenzake wamechoka kungoja?

Jumamosi nikasema liwalo na liwe. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaacha mkoba wa vifaa nyumbani ili nisipate kisingizio cha kuangalia televisheni ya mtu njiani. Nikafika kwa Bi Atija kama saa saba na nusu mchana. Hata hodi sikumaliza. Alikuwa amesimama katikati ya ua, kanga imemwanguka mabegani, na mara aliponiona akanishika mikono yote miwili. Bi Atija, ambaye hunipa salamu akiwa ameangalia ungo wake. Akaniambia, "Nassoro, nimemwona Amade. Yu hai."

Maneno yako yalikuwa hapa kooni, nikayameza na mate.

Nikamkalisha, nikamsikiliza. Alikuwa amemaliza sala ya adhuhuri, akawasha televisheni asikilize habari za saa saba. Huwasha saa hiyo tu, siku nzima imefunikwa kitambaa. Walikuwa wanaonyesha watu wanaorudi makwao, wenye mabegi na magodoro. Picha ilikuwa inapasuka, vipande vya mraba vimetapakaa, sauti inakwama. Mara ikatulia kwa muda wa kufumba na kufumbua, na pale katikati akaiona sura ya mwanawe, na lile jicho la kushoto linalosinzia. Kisha vipande tena, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi ya "sem sinal", kwamba hakuna mawimbi. Kireno Bi Atija hajui, unajua, lakini jirani yake Anchia alikuwa mlangoni, naye anakijua. Alimsikia mtangazaji akisema kwamba taarifa hiyo itarudiwa Jumapili, saa ileile.

Kisha akasema lile nililoliogopa. Kumbe habari ya posa alikuwa nayo siku nyingi. Wanaovuka na vitunguu huvuka na maneno. Akanitazama sawasawa. "Mwandikie dada yako huko Mtwara. Mwambie asikae mkekani na mwanamume mwingine. Mumewe nimemwona kwa macho yangu." Nikamjibu kwamba tungoje kesho, tuone vizuri, ndipo niandike. Akasema yeye hana la kuona tena, ameshaona. Wa kuona ni mimi, maana naonekana siamini.

Nitakuambia ukweli wangu, dada, na usinichukie. Nilikuwa siamini, na sehemu ya moyo wangu ilikuwa inaomba asiwe yeye. Amade aliyenifundisha kuogelea nilipokuja kuwatembelea mara ya kwanza, aliyenipa shati lake la Idi akabaki na la zamani! Nikajiona mtu mbaya sana. Lakini nilikufikiria wewe, ulivyorudi kwetu na Zaina mgongoni, miguu imevimba, na miaka uliyokaa ukitazama njia. Ndiyo kwanza umeanza kucheka tena. Na ilikuwa wazi kwamba yote hayo sasa yamening'inia kwenye antena, na fundi wa antena ni mimi.

Basi nikaiangalia hiyo antena. Ukipita mtaa huu ukatazama juu utacheka: antena zote zimeelekea kwetu Mtwara. Ni mazoea ya zamani, wakati picha za Tanzania zilikuwa zinavuka bure, zenye chenga, na watu wanasimamisha miti mirefu kuzinasa. Sasa mnara wa digitali uko huku magharibi, upande wa barabara ya Diaca, lakini watu wamenunua visimbuzi vipya wakaviunga kwenye antena zilezile, zimetazama kulekule kaskazini. Ukiwaambia zigeuzwe wanakuona kichaa. Mzee mmoja wa msikitini alinifukuza kabisa, akasema antena yake imetazama kibla, na mimi nataka kuipa kisogo. Kibla kwetu huku ndiyo kaskazini hiyohiyo, sasa mtu utabishana naye vipi?

Na digitali haina huruma ya zile chenga za zamani. Zamani picha mbaya ungeona hata kivuli cha mtu ukamjua. Hii ikidhoofika inapasuka vipande, ikizidi kudhoofika inazima. Asubuhi kukiwa baridi kidogo inapita, jua likisimama inakatika. Kwa hiyo ile saa saba ya Bi Atija ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Nikamwambia, "Mama, antena hii haiangalii mnara. Lazima niigeuze."

Akakataa. Mti ule aliukata Amade mwenyewe, akauchimbia mwenyewe, akaifunga antena kwa mkono wake kabla ya kuwaleta nyinyi kuishi humo. Nyumba iliungua paa, mti ule ukabaki. Mwaka jana upepo uliuinamisha kidogo, mume wa Anchia akaja kuunyoosha kwa wema wake, Bi Atija akamtoa uani kwa mchi wa kutwangia. Akaniambia nitengeneze chochote ndani ya nyumba, cha juu nisikiguse, kwani Amade akirudi atauliza nani kamgusia kazi yake.

Ukimwona Bi Atija amesema hivyo huendelei kubisha. Nikakimbia nyumbani kuchukua mkoba, Jumamosi yote nikafanya kazi ya kuzunguka ukweli. Nilitoa waya nyuma ya kisimbuzi, nikausafisha, nikaurudisha. Nikabadilisha kichwa chake, kilikuwa kimeoza kwa chumvi ya pwani. Nikazima inveta ya sola ya Anchia, kwa kuwa zile za bei rahisi hupiga kelele zinazoingia kwenye mawimbi. Nikaleta busta yangu mwenyewe ya kuongezea nguvu. Mstari wa nguvu ukajaa mpaka mwisho, Bi Atija akafurahi akaniombea dua. Lakini mistari ni miwili, dada: mmoja wa nguvu, mmoja wa ubora. Busta huongeza kila kitu, uchafu pia. Ule wa ubora ulibaki chini vilevile, mwekundu, na picha ikaendelea kupasuka. Nikarudi kwangu hata kula sikuweza.

Jumapili saa tatu asubuhi nikarudi. Nilikuwa nimeung'oa waya wa antena ukutani kwangu, mzima, nikauzungusha begani. Yeye alikuwa ameketi mbele ya kioo kilichozimwa, amejitanda, ungedhani amekuja mgeni wa posa. Sikuzunguka tena. Nilipiga magoti karibu yake nikasema, "Mama, nimejaribu vyote. Ama tuiache kazi ya Amade ilivyo, ama tumwone Amade. Vyote viwili siwezi kukupa."

 Aliingia ndani, nikasikia maji ya kutawadha, kisha minong'ono ya sala. Nilikaa uani nikitazama jua linavyopanda. Alipotoka saa ilikuwa imefika tano na robo. Akasema geuza, lakini waya wake usiukate.

Nikapanda. Na huko juu nikaukuta ugonjwa mwingine. Waya wa Amade ulikuwa mfupi, akauunga katikati, akafunga kiungo kwa mfuko wa nailoni na ukamba wa mkonge. Kazi safi kwa wakati ule wa chenga. Nilipoufungua, ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Hapo hata ungegeuza antena ikapiga magoti mbele ya mnara, kitu kisingefika chini. Nikatazama uani. Bi Atija alikuwa ananitazama, mkono usoni kujikinga jua. Nikampa mgongo, nikaukata waya wa Amade bila kumwambia, nikaunga wangu. Hili nimekuungamia wewe kwa sababu yeye bado sijamwambia.

Nilikuwa nimelegeza vifungo vya antena, nusu imegeuka, wakati gari la doria liliposimama chini. Askari wanne. Mtu juu ya paa, na chuma kirefu mkononi kinachoelekezwa barabarani. Hata mimi ningesimama. Wakaniamuru nishuke, mikono ionekane. Nikashuka, ndipo bati liliponikata. Mkubwa wao aliniuliza kwa Kireno nawasiliana na nani. Nikasema na televisheni. Hakucheka. Akataka dokumentu, yaani vitambulisho, na vyangu vilikuwa kwenye kanzu ya Jumamosi. Akanisikia na lafudhi yangu akajua mimi wa ng'ambo, hapo uso ukabadilika kabisa.

Dada, niliona saa yake mkononi: sita na dakika ishirini. Nikasema moyoni, kwisha. Nitapelekwa, nitakaa huko mpaka jioni, nitatoka salama Mungu akipenda, lakini picha itakuwa imepita, na Bi Atija atabaki na yakini yake maisha yote, na wewe utakaa unamngoja mtu wa kwenye vipande vya kioo. 

Bi Atija akatoka. Taratibu, bila kelele, akasimama kati yangu na yule askari, akasema kwa Kimwani chake, Anchia akitafsiri. Akasema huyu ni shemeji wa mwanangu. Mwanangu alipotea siku ya kukimbia. Jana mmemwonyesha kwenye habari, leo saa saba mtamwonyesha tena, na huyu ananitengenezea nimwone. Mkimchukua, basi nitafutieni mwingine sasa hivi.  Yule askari akauliza jina la mwanawe, akaambiwa. Akatazama paa, akatazama mti ule, akaniashiria kwa kichwa kwamba nipande. Wakaondoka. Ilikuwa sita na dakika thelathini na tano.

Unajua kazi hii inavyofanywa: mmoja juu, mmoja mbele ya kioo, wa tatu mlangoni kupokezana maneno. Mbele ya kioo alikaa Bi Atija mwenyewe, hakukubali mtu mwingine, na mlangoni Anchia. Nilimweleza mama kwamba asiangalie picha, aangalie ule mstari wa chini, aseme umefika wapi. Nikageuza. Anchia akapaza sauti kwamba mama anasema bado. Nikageuza tena kidogo kuelekea Diaca. Bado. Nikasogeza kiasi cha unywele. Mama anasema umepanda, umeshuka. Nikarudisha. Umefika nusu, umesimama hapo hapo. Na nusu haitoshi, dada, nusu ndiyo ile ya kupasuka. Jua lilikuwa utosini, bati limechemka mpaka nikawa nasimama mguu mmoja mmoja.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo fundi wa wiki mbili angelikumbuka mwanzo. Antena za zamani tulizilaza, vidole vyake vimelala sambamba na ardhi. Mnara huu wa sasa unataka visimame, vya juu juu na vya chini chini. Nikafungua kifungo cha mwisho, nikaipindua ubavu.  Kisha nikamsikia Bi Atija mwenyewe, si Anchia, akisema kutoka ndani, "Umejaa. Umekuwa kijani."

Nikateremka mbio. Bado ilibidi kutafuta chaneli upya, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko kwa askari. Ukianza kutafuta, kisimbuzi kinafuta zile za zamani kwanza. Umeme ukikatika katikati, na Jumapili mchana hukatika upendavyo, hubaki na kitu. Nikabonyeza. Bismillahi. Namba zikawa zinapanda moja moja: ishirini, ishirini na tano. Ikasimama kwenye arobaini na tatu muda mrefu mpaka Anchia akatoka nje, hakuweza kutazama. Ikaondoka. Saa saba kasoro dakika mbili chaneli zilikuwa zimerudi, na picha imetulia tuli, ungehesabu nyuzi za tai ya mtangazaji.

Tukakaa watatu mkekani. Bi Atija akanishika mkono huu wenye kidonda na hakujua kwamba ananiumiza.

Taarifa ilikuja mwishoni. Watu wanashuka kwenye basi, wanawake wanafagia nyumba zisizo na milango, mzee anaonyesha mnazi wake. Halafu picha ikabadilika rangi kidogo, ikawa ya vumbi. Barabara, lori, watu wengi wanakimbilia. Na kule pembeni juu kwenye kona kulikuwa na neno dogo jeupe, ambalo kwa picha ya kupasuka hakuna mtu angeliona. Arquivo. Maana yake ni picha za zamani, walizoziweka ghalani. Nikalisoma kabla sijamwona mtu yeyote. 

Kisha Amade akaingia.

Alikuwa yeye, dada. Naapa. Jicho lile, mwendo ule wa kutupa bega. Anchia akalia. Bi Atija akaniminya mkono, akasema, "Si nilikwambia?" na sauti yake ilikuwa ya furaha, furaha tupu, na mimi najua lile neno la kwenye kona. Sijawahi kumwonea mtu huruma vile. Amade alikuwa amebeba mtoto begani. Akasukumana na watu mpaka kwenye lori, akamnyanyua mtoto juu, na mkono ukatoka kule juu kumpokea. Mkono wa mwanamke, bangili mbili, na lile kovu refu ulilopata kwa mafuta ya sambusa ulipokuwa msichana. Mkono wako. Ilikuwa ni Diaca, siku ile ya kukimbia.

Bi Atija akasema, "Huyo mtoto si Zaina?"

Anchia akajifuta machozi, naye mama akaendelea kuuliza.

"Zaina sasa ana miaka mingapi?"

Nikasema, "Tisa, mama."

"Tisa," akasema, huku anamtazama yule mtoto kwenye kioo, asiyefika hata miwili, kiatu kimoja kimemtoka.

Picha ikapita. Ukiwa na kikombe cha maji mkononi usingemaliza kukinywa. Mtangazaji akaingia kwenye mambo ya mpira. Bi Atija akaniachia mkono, akainuka, akazima mwenyewe, akakifunika kioo kwa kitambaa chake, akarudi kukaa. Hakulia. Nilitamani alie. Akasema kwamba Amade alikuwa amekonda siku ile, kumbe, na yeye hakujua. Kisha akasema yale ambayo nadhani hajawahi kumwambia mtu. Kwamba Amade aliwafikisha nyinyi Diaca salama, na kwamba angepanda lori lile lile kama si yeye. Alirudi nyuma kumchukua mama yake, na mama yake alikuwa ameshaondoka na akina Anchia kwa njia ya Mbau. Alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. "Miaka yote hii namzuia Somoe angoje pamoja na mimi," akasema, "kwa sababu nikikubali kwamba amekufa, nitakuwa nimekubali alikufa kwa ajili yangu."

Ndipo nikapata moyo. Nikamwambia, "Mama, Somoe ameniagiza. Anaomba radhi yako."

Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Kisha akasema polepole, na nayaandika kama alivyoyasema, sijaongeza: "Aolewe. Radhi yangu anayo, ya dunia na ya akhera. Mwambie Mungu ampe kicheko. Lakini mwanangu asomewe kwanza, hapa hapa nyumbani kwake, ndipo mwenziwe aolewe huko."

Hitima imepangwa Alhamisi ijayo baada ya alasiri. Shehe tumeshamwambia, na Anchia anakusanya mchele kwa majirani. Nawe siku hiyo huko kaa na Zaina msome hata Yasini moja, kisha mwambie baba mdogo aendelee na mipango yake. Bi Atija anaomba kitu kimoja tu, kwamba shule zikifungwa Zaina aletwe amwone. Nimemwahidi kwa niaba yako. Ukinikatalia utakuwa umenivunjia uso.

Nisalimie mama, mwambie mgongo nausugua kwa mafuta aliyonipa. Msalimie baba mdogo Issa, na umwambie asikasirike kwamba barua haikupitia kwake, yeye ni mkubwa wetu na nitamtafuta kwa simu. Bwana Rashidi mpe salamu za shemeji yake mtarajiwa, na umwambie namuomba awe na subira na Zaina, asilazimishe kuitwa baba. Na Mwalimu Hadija wa madrasa, jirani yetu, mpe salamu na umwombe atukumbuke katika dua Alhamisi.

Nimebakiza jambo moja. Umekuwa ukisema siku zote kwamba Amade alikukabidhi mtoto akageuka akaenda, hata kukutazama hakukutazama, na kwamba hilo ndilo ambalo hujaweza kumsamehe. Dada, wewe ulikuwa umeinama unamfunika mtoto vumbi. Mimi nimeona picha yote. Lori liliondoka, waliobaki barabarani wote wakageuka kurudi walikotoka. Amade hakugeuka. Alisimama palepale, mkono umenyooka juu, analitazama lori lenu, mpaka picha ikakatwa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Nassoro